Swali la mlonge na hesabu ya magunia

Linaulizwa kliniki, linaulizwa redioni, linaulizwa hata msibani: ni mti gani unaomaliza kabisa kisukari? Hakuna. Hakuna mzizi, unga wala maji ya majani yaliyothibitishwa kumaliza kisukari au presha, na atakayeuliza tena kesho atajibiwa vivyo hivyo. Mkulima angeuliza jingine: kuutafuta mti huo kunakula magunia mangapi?

Tuseme kaya ya watu sita huko Mbozi, mkoani Songwe, imevuna magunia 14 ya mahindi. Saba ni ya kula. Saba yanayobaki ni mbolea ya msimu ujao, sare za shule na mahitaji madogo madogo. Baba ana kisukari. Julai, bei ikiwa chini, anauza matano, tena kwa lumbesa, anamfuata mganga aliyemsikia akisifiwa ndani ya basi, na anarudi na makopo ya unga wa mlonge. Mbolea hainunuliki, basi magunia mengine yanatolewa kwenye yale ya kula. Februari mama yuko sokoni akinunua mahindi hayo hayo kwa debe, kwa bei ya msimu wa njaa.

Anayeona hesabu hii imetiwa chumvi akumbuke Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa huko, kijijini Samunge, kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na watu wakaamini kinaponya kisukari, saratani, hata UKIMWI. Shilingi 500 ni bei ya bure. Nauli, chakula cha njiani na siku za kulala kwenye foleni ya magari ya kilomita kadhaa havikuwa bure. Wapo waliofia kwenye foleni hiyo, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona.

“Lakini mimi ilinisaidia!” Ndiyo, ilionekana hivyo. Sukari hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Aliyepima baada ya kula na kupima tena alfajiri akiwa na njaa ataona muujiza hata kama alikunywa maji matupu. Wengi wanaoanza mlonge pia wanaacha soda na chai ya sukari, na bado wanameza vidonge kimyakimya. Sifa zote anachukua mlonge. Presha ndiyo danganyifu zaidi, maana mara nyingi haiumi popote: ukiacha dawa leo, kesho unalima kama kawaida.

Wala si kweli kwamba wataalamu wanadharau mimea. Asili ya metformini, kidonge wanachoanza nacho wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani, ni utafiti wa kemikali za mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Tofauti ni kwamba dawa ilipimwa kipimo chake na madhara yake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Muuza makopo stendi hajachapisha chochote.

Aliyeacha vidonge Julai anaweza kuangushwa na kiharusi Desemba, palizi ikiwa imepamba moto. Hapo shamba linakosa mikono minne: miwili yake na miwili ya anayemuuguza. Mahindi yaliyosongwa na magugu wiki za mwanzo hayaokolewi na mbolea ya baadaye, hata ikipatikana.

La kufanya? Bima ya afya ilipwe wakati wa mavuno, kabla fedha haijapata kazi nyingine. Ambaye hali yake imetulia aombe dawa za miezi miwili au mitatu kabla ya msimu, asipoteze siku za palizi barabarani. Mwenye kisukari avae shambani viatu vinavyofunika vidole, na nyayo zikaguliwe kila jioni, kwani mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba. Insulini, pasipo friji, ifungwe isiingie maji, ikae kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, mchanga uliolowa ukiwa katikati ya vyungu hivyo, kivulini. Kipande cha shamba kipandwe viazi vitamu, visivyodai palizi nyingi kama mahindi. Magunia ya kula yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi asiyaguse, na ufunguo wa ghala akae nao mama.