Nani Alipie Miti ya Mji?

Mnamo Novemba 2020, Meja Jenerali Mohammed Badi wa jeshi la Kenya, ambaye wakati huo aliongoza idara iliyokabidhiwa huduma za Jiji la Nairobi, alitangaza amri ya Rais kwamba mkuyu mmoja kando ya barabara ya Waiyaki usiguswe. Mti huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, ulikuwa katika njia ya barabara mpya ya juu. Amri ikatiiwa, mti ukabaki.

Habari hiyo iliwafurahisha wengi, na ni haki yao kufurahi. Lakini miti ya mji haiwezi kuishi kwa amri peke yake. Mche ukishapandwa huhitaji maji wakati wa kiangazi, kupogolewa matawi, na mtu wa kuwazuia wenye mashoka. Kazi hizo hudai fedha kila mwezi, nazo halmashauri za miji, ambazo tayari zina deni la maji, taka na barabara, huiweka miti mwishoni mwa orodha. Ndipo linapozuka swali la nani ashirikiane na Serikali katika gharama hizo.

Majirani wa Kenya wamelijibu swali hilo kwa vitendo katika msitu wa Karura, kaskazini ya Nairobi. Msitu huo wa hekta zipatazo 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kwa siri kwa wajenzi wa majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti huko walishambuliwa na kundi la walinzi wenye silaha, naye akajeruhiwa kichwani. Alikwenda kituo cha polisi huku akivuja damu. Askari anayesikiliza mazungumzo haya atafahamu uzito wa saa ile: raia aliyepigwa yuko mbele ya meza, na wenye nguvu wako upande wa pili. Mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ardhi ikasalimika, lakini msitu haukuwa salama. Kwa miaka kadhaa ulikuwa maficho ya wanyang'anyi, na maiti zilitupwa humo. Watu wa Nairobi waliupita mbio.

Mabadiliko yalitokana na Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowaruhusu wananchi kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na Idara ya Misitu. Mwaka 2009 Marafiki wa Karura wakaunda chao. Ardhi na mamlaka ya sheria yalibaki mikononi mwa Serikali. Chama kilibisha hodi kwa makampuni, balozi na watu wenye uwezo, na kwa michango yao ukajengwa ua wa umeme kuuzunguka msitu. Vijana wa vitongoji jirani, pamoja na Huruma, waliajiriwa kuwa walinzi na kuvalishwa sare. Wale ambao jana walikata kuni kwa wizi, leo walikuwa na mshahara wa kuzilinda. Pengine hiyo ndiyo hesabu bora kuliko zote, maana ua peke yake hukatwa kwa koleo usiku mmoja.

Usalama uliporudi, watu wakaja kutembea, kukimbia na kupanda baiskeli, wakilipa kiingilio mlangoni. Fedha hizo zikasaidia kuuendesha msitu, na mikaratusi ikaanza kuondolewa ili miti ya asili irudi. Mfadhili mkubwa hutoa mara moja, akapigwa picha, akaenda zake. Mlipa kiingilio hurudi kila Jumamosi.

Hata hivyo ushirika wa fedha una mitego yake. Mwaka 2025 Idara ya Misitu iliagiza malipo yote ya mlangoni yapitie mfumo wa Serikali wa malipo kwa simu na kompyuta. Idara ilikuwa na hoja: mali ya umma yapasa kukusanywa na umma, na hesabu zake zionekane. Chama nacho kilihofia kwamba fedha zikishaingia katika hazina kuu, kurudi kwake msituni kutachukua muda, ilhali mlinzi na familia yake hawawezi kungoja. Wananchi wakapiga kelele, na shauri likafika mahakamani.

Kila upande una haki yake, lakini mgogoro huo ungalikuwa mdogo kama mkataba ungalieleza tangu mwanzo, kwa tarakimu, ni sehemu gani ya kila shilingi inabaki mlangoni, nani anaikagua, na katika siku ngapi mshahara wa mlinzi unapaswa kumfikia. Miji mingine ya Afrika Mashariki inayokusudia kuiga Karura ingefaa iuandike mkataba wa namna hiyo kabla ya kuchimba shimo la kwanza.