Kiambishi Kidogo, Kazi Kubwa: Kihispania kwa Jicho la Kiswahili

Ukishuka Columbia Heights au ukipita Langley Park, Kihispania utakisikia kabla hujavuka barabara. Wasalvador ndio wengi zaidi kati ya Walatino wa eneo hili la Washington, na wanachama wetu kadhaa wanasoma lugha yao darasani. Malalamiko yao ni yale yale: vineno me, te, lo, la, le na se vinawachanganya. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kunasemwa Kiswahili, mtaji unao tayari.

Kiingereza huweka yambwa nyuma ya kitenzi. Kihispania husema lo vi, nasi husema nilimwona. Lugha zote mbili humtanguliza mtendwa. Tofauti ni kwamba lo husimama peke yake, ilhali -mw- imebanwa katikati, baada ya wakati na kabla ya mzizi.

La pili ni watu. Kihispania hudai a mbele ya mtu: veo a María, lakini veo la casa. Kiswahili nacho humbagua mtu na kitu. "Naona nyumba" inatosha, na "naiona nyumba" ni ile tunayoijua. Lakini kwa mtu husemwa "namwona Maria", hata jina likiwa limetajwa.

La tatu ni mpokeaji. Le di el libro a María ni "nilimpa Maria kitabu". Le na -m- zinafanya kazi moja, na zote hubaki ingawa Maria ametajwa. Hapa pana mtego. Kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya yambwa, na mpokeaji ndiye huichukua. Hatusemi "nilikimpa". Kihispania huchukua wawili: se lo di, ambapo le hugeuka se mbele ya lo. Kwa Kiswahili "nilimpa" inajitosheleza, kitabu kikijulikana. Kwa Kihispania, usimsahau lo.

Katika amri, Kiswahili hakitusaidii. "Nipe" na "usinipe" zina -ni- mahali pale pale, mbele ya mzizi. Kihispania hugandisha nyuma katika dámelo, kisha hurudisha mbele katika no me lo des. Hilo ni la kukariri.

Faida hurudi nyumbani pia. Kwa vijana tunaokulia katika Kiingereza, kiambishi hiki hudondoka kwa urahisi, na husikika "niliona bibi" badala ya "nilimwona bibi". Maana inafika, lakini bibi amesemwa kama kiti au meza. Wazee husikia pengo hilo haraka kuliko kosa la ngeli, kwa sababu linamgusa mtu. Anayejua kwa nini Kihispania kinadai a mbele ya María ana sababu ya kuitunza -mw- ya bibi yake.

Zoezi la kikao kijacho: sema sentensi hizi kwa lugha zote mbili, kisha uonyeshe yambwa iko wapi.

1. Nilimwambia shangazi.
2. Walituletea chakula.
3. Nitawaona kesho.

Ya tatu ina maana mbili, ninyi au wao. Los veo mañana kwa Kihispania cha Amerika ya Kati ina utata huo huo. Njooni mtuambie kila lugha huutatua vipi.