Nani Mwenye Picha za Mji? Habari za Utawala wa Jumba la Sanaa la Detroit

Mtu aingiapo katika jumba lililojaa picha na sanamu za thamani, kwa kawaida huuliza habari za mafundi waliozifanya. Ni wachache wanaouliza swali jingine, ambalo lina uzito zaidi: vitu hivi ni vya nani, na ni nani aliyekabidhiwa kuvitunza? Mwaka 2013 swali hilo lilifika mahakamani katika mji wa Detroit, nchi ya Marekani. Upande mmoja walikuwapo watu waliotaka kuhifadhi hazina ya mji, na upande wa pili walikuwapo wazee waliohofu kupoteza malipo yao ya uzeeni. Yafaa tueleze mambo hayo tangu mwanzo, maana yana mafunzo kwa kila watu wenye mali ya shirika, iwe ni jumba, shule au kisima.

ASILI YA JUMBA

Detroit uko katika jimbo la Michigan, na umejulikana sana kwa viwanda vyake vya magari. Mwaka 1885 watu wa mji huo waliunda chama cha kujenga jumba la sanaa, na jumba la kwanza likafunguliwa mwaka 1888. Chama kilikuwa cha watu binafsi, lakini mji ulikisaidia kwa fedha za kodi. Mwaka 1915 mahakama kuu ya jimbo iliamua ya kwamba si halali kodi za watu kupewa chama kisichokuwa chini ya utawala wa mji.

Hapo palikuwa na njia mbili tu: ama jumba liendelee bila msaada, ama liwe mali ya mji kabisa. Wakuu wa chama walichagua njia ya pili. Mwaka 1919 walikabidhi mji picha na mali yao yote, na jumba likapewa jina jipya, Detroit Institute of Arts. Halmashauri ya Sanaa, ambayo wajumbe wake waliteuliwa na meya, ikawekwa kulisimamia.

Mpango huo ulileta neema. Siku zile mji ulikuwa na fedha nyingi. Mwaka 1922 ulinunua picha ambayo Vincent van Gogh alijichora mwenyewe amevaa kofia ya majani makavu. Mwaka 1927 jumba kubwa jipya lilifunguliwa katika barabara ya Woodward. Mwaka 1930 ikanunuliwa picha ya Pieter Bruegel, iliyochorwa mwaka 1566, inayoonyesha wanakijiji wakicheza ngoma ya arusi.

NAHODHA NA WENYE CHOMBO

Katika jumba la namna hii kuna kazi mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Mkurugenzi ni mfano wa nahodha wa jahazi. Yeye ndiye mjuzi wa sanaa. Huongoza wafanyakazi, huchagua picha zifaazo kununuliwa, na huangalia zisiharibike. Halmashauri ni mfano wa wenye chombo. Humwajiri nahodha, huamua safari iwe ya wapi, hukagua hesabu, na hutafuta fedha. Halmashauri ikishika usukani, chombo hupotea; na nahodha asipoulizwa habari za hesabu, mali hupotea.

Mfano mzuri ulionekana miaka ya 1932 na 1933. Mkurugenzi wa wakati ule, William Valentiner, alimwalika mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, apake picha ukutani katika ua wa ndani wa jumba. Halmashauri, iliyoongozwa na Edsel Ford, ilikubali, na Bwana Ford mwenyewe akatoa fedha. Rivera alichora sehemu 27 zinazoonyesha wafanyakazi na mitambo ya viwanda. Zilipofunguliwa, watu wengi walikasirika, wakasema zinaidharau dini na kueneza ukomunisti, na wengine wakataka zipakwe chokaa. Mkurugenzi alisimama imara, na Edsel Ford hakumwacha peke yake. Picha hizo zingaliko hata leo, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuziona.

MJI WAFILISIKA

Walakini neema ya mji ilianza kupungua. Mwaka 1950 Detroit ulikuwa na watu wapatao 1,850,000. Mwaka 2010 walibaki kama 714,000 tu. Viwanda vilifungwa, na watu walipohama, kodi zilipungua. Mwaka 1975 mji ulikosa fedha hata jumba likafungwa kwa muda. Mwaka 1998 yalifanywa mapatano kwamba chama cha wafadhili wa jumba kichukue kazi yote ya uendeshaji, huku mji ukibaki kuwa mwenye mali. Mwaka 2012 wananchi wa wilaya tatu, Wayne, Oakland na Macomb, walipiga kura wakakubali kutozwa kodi ya kulisaidia jumba kwa miaka 10: senti 20 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba au kiwanja inayotozwa kodi. Badala yake wakaaji wa wilaya hizo waliruhusiwa kuingia bila kulipa.

Basi uendeshaji ulikuwa katika mikono salama, lakini hati ya mali ilikuwa bado kwa mji. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Tarehe 18 Julai 2013 mji wa Detroit ulikwenda mahakamani kutangaza kwamba umefilisika. Madeni yake yalikisiwa kuwa dola bilioni 18. Miongoni mwa wadai walikuwamo benki na makampuni ya bima, na pia maelfu ya wazee waliokuwa askari polisi, wazima moto, madereva na makarani wa mji.

Baadhi ya wadai walisema: mdaiwa mwenye mali huuza mali yake alipe deni, na mji una picha za thamani kubwa, kwa nini zisiuzwe? Wathamini walihesabu vitu vilivyonunuliwa kwa fedha za mji, wakasema vyaweza kupata kati ya dola milioni 454 na milioni 867. Wenye kulitetea jumba walijibu kwamba mji si mwenye picha kama mtu alivyo mwenye ng'ombe wake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikuwa ameandika mwezi wa Juni 2013 ya kwamba picha hizo zimeshikwa kwa amana kwa ajili ya watu wote.

Wasomaji wa pwani watalielewa neno hili upesi kwa kufikiri habari za wakfu. Mtu akikiweka kisima wakfu, msimamizi wake hukitunza na kukitengeneza, lakini hawezi kukiuza alipe deni lake mwenyewe. Shida ya Detroit ni kwamba jambo hilo halikuwa limeandikwa waziwazi katika hati, wala mahakama ilikuwa haijalikata.

MAPATANO

Kesi ya namna hiyo ingaliweza kuendelea miaka mingi, na huku wazee wanangoja. Kwa hiyo wapatanishi walitafuta njia nyingine. Mifuko mikubwa ya hisani iliahidi zaidi ya dola milioni 360 kwa muda wa miaka 20. Serikali ya jimbo ilitoa dola milioni 194.8. Jumba lenyewe liliahidi kukusanya dola milioni 100 kutoka kwa wafadhili wake, na makampuni ya magari yakachangia. Fedha hizo zote zilielekezwa kwenye malipo ya uzeeni, kwa sharti kwamba picha zisiuzwe, na kwamba mji ulikabidhi jumba na vyote vilivyomo kwa chama cha wafadhili kisichotafuta faida, kivishike kwa amana daima.

Si kwamba hakuna aliyeumia. Wazee waliokuwa watumishi wa kawaida wa mji walipunguziwa malipo yao kwa 4.5 katika kila 100, wakapoteza na nyongeza ya kila mwaka. Polisi na wazima moto hawakupunguziwa malipo ya msingi, ila nyongeza yao ilipunguzwa. Wazee walipigiwa hesabu hiyo, wakapiga kura, na wengi wakakubali, kwa kuwa bila mapatano hasara yao ingalikuwa kubwa zaidi. Jaji Steven Rhodes aliidhinisha mpango tarehe 7 Novemba 2014, na mwezi wa Desemba mwaka ule hati ya mali ikatoka kwa mji.

UTAWALA BAADA YA MAPATANO

Tangu hapo halmashauri ya chama ndiyo yenye dhamana. Ndiyo iliyomchagua Salvador Salort-Pons kuwa mkurugenzi mwaka 2015. Mji hauna tena uwezo wa kuweka picha rehani. Wilaya tatu nazo zina mabaraza yao yanayopokea kodi na kuangalia ya kwamba mapatano yanatimizwa. Mwezi wa Machi 2020 wananchi walipiga kura tena, wakaiongeza kodi hiyo miaka 10 mingine. Jumba linalotegemea kodi ya watu hulazimika kuwajali watu hao, wakiwamo watoto wa shule na wazee.

Mafunzo ya habari hii ni mawili. La kwanza, mwendeshaji mwema hatoshi ikiwa hati ya mali iko mahali pa hatari. Jumba la Detroit liliendeshwa vizuri, na bado lilikaribia kuuzwa kwa deni ambalo si lake. La pili, masharti ya amana yaandikwe siku ya neema, wakati watu wangali wanapatana. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye chama chochote, wakubwa kwa wadogo, wangefanya vema kuliuliza swali lile mapema: mali hii ni ya nani, na imeandikwa wapi?