Umeitwa Mahojiano ya Kazi ya Maktaba ya Chuo Kikuu? Jiandae Hivi

Kijana wa Endebess, Matumbei au Chepchoina aliyesomea ukutubi mara nyingi hutafuta kazi nje ya kaunti. Huomba Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, Masinde Muliro kule Kakamega, au Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret kule Uasin Gishu. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Ukiitwa mbele ya jopo, jua kwamba vyeti vyako vimeshasomwa. Kinachobaki ni kuonyesha kwamba kazi yenyewe unaijua. Hapo ndipo wengi hupoteza alama, kwa kujibu tu kwamba wanapenda kusoma vitabu.

Maktaba ya chuo kikuu haipo kwa ajili ya kutunza vitabu pekee. Ipo ili mwanafunzi, mhadhiri na mtafiti wapate habari wanayoihitaji, iwe rafuni au kwenye kompyuta. Majibu yako yote yaelekee huko.

Ijue maktaba kabla hujafika

Soma tena tangazo la kazi na uandike kila jukumu lililotajwa. Kando ya kila jukumu, andika mfano mmoja wa kazi uliyoifanya, hata kama ni wakati wa mafunzo ya nyanjani au katika maktaba ya shule.

Kisha ingia kwenye tovuti ya chuo. Angalia kina vitivo gani, maktaba hufunguliwa saa ngapi na wasomaji huruhusiwa kuazima vitabu vingapi. Katalogi za vyuo vikuu vingi ziko wazi kwenye intaneti, hivyo tafuta vitabu viwili vitatu uone mfumo unavyofanya kazi. Vyuo vikuu kadhaa nchini hutumia Koha, programu iliyoanzia New Zealand mwaka 1999 na isiyolipiwa leseni. Ukiulizwa umetumia mfumo gani, taja ule unaoujua kwa kweli, ueleze ulichofanya nao: kusajili wasomaji, kuazimisha, kupokea vitabu au kuingiza vitabu vipya.

Pia fahamu kuhusu majarida ya kidijitali. Bei yake ni kubwa, na ndiyo maana maktaba nchini huungana kupitia KLISC kuyapata kwa pamoja. Mkutubi anayejua kumwonyesha mwanafunzi njia ya kuyafikia ana thamani kubwa.

Mtihani wa vitendo

Unaweza kupewa vitabu uvipange. Katika mpangilio wa Dewey, kilimo kiko 630, na mahindi, zao letu la hapa Trans Nzoia, yako 633.15. Mchele uko 633.18, na nyasi za malisho 633.2. Mtu asiye makini huweka 633.2 mbele kwa sababu 2 ni ndogo kuliko 15. Hilo ni kosa. Nambari hizi ni za desimali: kwanza 633.15, halafu 633.18, ndipo 633.2. Vitabu vyenye nambari moja hufuata herufi za mwandishi zilizo chini yake.

Vyuo vingine hutumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza kwa herufi: Q ni sayansi, R ni tiba na S ni kilimo. Jua mapema chuo unachokwenda kinatumia upi.

Maswali ya kujizoeza

• Mwanafunzi hakuona kitabu rafuni, ilhali katalogi inasema kipo. Utafanya nini? Thibitisha nambari, angalia rafu za jirani na vitabu vilivyorejeshwa ambavyo bado havijapangwa. Kikikosekana, mpe kingine cha mada hiyo au nakala ya kidijitali, kisha uandikishe kwamba kitabu hakionekani. Usimwache aondoke mikono mitupu.

• Mhadhiri anataka kujua ni nani aliyeazima kitabu fulani. Habari za msomaji hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usimtaje. Mwekee mhadhiri nafasi ya kitabu hicho, au maktaba imwombe aliyenacho akirejeshe.

• Mwanafunzi anataka kutoa nakala ya kitabu kizima. Eleza kwa upole kwamba kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, umsaidie kupata sehemu anayohitaji kwa njia halali.

Mahojiano mengi hufanywa kwa Kiingereza. Jizoeze kujibu kwa sauti mbele ya rafiki, kila jibu kwa dakika mbili hivi. Kwa kawaida kila mwanajopo hutoa alama zake, kwa hiyo zungumza na wote, si mwenyekiti peke yake. Usilolijua, sema hulijui, kisha ueleze ungelitafuta wapi. Kutafuta ndiyo kazi ya mkutubi.

Hati na safari

Beba vyeti halisi, nakala zake, kitambulisho na barua ya mwaliko. Kuhusu vyeti vya KRA, HELB, EACC, CRB na cheti cha mwenendo mwema, usikimbilie kukopa pesa. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamruhusu mwajiri kudai vyeti hivyo kwa mtu anayekusudia kumwajiri pekee. Soma barua yako vizuri, na pasipoeleweka piga simu chuoni uulize. Kwa hati unazohitaji, Kituo cha Huduma cha Kitale kinaweza kukusaidia.

Anayeishi na ulemavu aliarifu chuo mapema kama atahitaji mkalimani wa lugha ya ishara au chumba cha chini.

Kutoka Endebess hadi Kibabii utapitia Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma, na utabadilisha gari zaidi ya mara moja. Mahojiano yakiwa asubuhi, ni heri kulala Bungoma kwa jamaa au rafiki kuliko kutegemea matatu ya alfajiri, hasa msimu wa mvua.

Kazi ya umma haiuzwi

Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka uajiri katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mtu. Yeyote anayekuomba pesa ili upitishwe, au ada ya mahojiano kwa simu, ni tapeli. Usitume hata shilingi moja. Hifadhi ujumbe wake, uulize chuo kupitia nambari iliyo kwenye tovuti yake, na upige ripoti polisi.

Na usipoipata nafasi hii, ujuzi huo haupotei. Chini ya Katiba, maktaba za umma ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, na shule zetu pia zina vitabu vinavyohitaji mtu wa kuvipanga.