Kamera, Barua na Mzee wa Reli

Wako watu wanaodhani kwamba kupiga picha ni anasa ya mwenye fedha, na kwamba chama cha wapiga picha wa ridhaa ni baraza la watu waliokosa kazi ya kufanya. Mwandishi wa safu hii alikuwa miongoni mwao, mpaka kazi ilipomtoa Unguja na kumfikisha Makambako, pale ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na ile ya Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA nayo ina kituo chake. Jioni za huku ni ndefu, na baridi ya mwezi Juni haina mzaha. Mtu wa visiwani aliyezoea kumalizia siku yake Forodhani hana budi atafute pa kwenda, la sivyo atalala pamoja na kuku. Mimi nilikwenda chamani.

Chama chenyewe hakina jengo wala bendera. Hukutana Jumamosi moja kila mwezi, mara Makambako, mara Njombe mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi, katika chumba cha darasa tunachoazimwa. Wanachama ni karani, muuza mbegu, fundi mwashi, dereva wa lori, mwalimu mstaafu ambaye sote humwita Mama Mwalimu, na wengine wachache. Wenye kamera kamili ni wanne. Waliobaki hutumia simu zao, wala hakuna anayewadharau. Sharti la uanachama ni moja. Kila mkutano uje na picha tatu zilizosafishwa kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja uwe umeandika kwa wino mahali, tarehe, na jina la aliyepigwa, naye awe ameridhia.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa majivuno. Nilichukua picha ya mashamba ya chai ya Kibena, nyingine ya maporomoko ya mto Ruhuji yaliyo kando ya mji wa Njombe, na ya tatu ya ukungu wa asubuhi juu ya mikaratusi. Mama Mwalimu aliishika ile ya chai, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: “Nzuri sana, mwanangu. Ni ya kalenda. Sasa hii chai nani anaichuma?” Nilipoigeuza picha kumwonyesha nilichoandika nyuma, palikuwa na neno moja tu: Njombe.

Hilo la ukungu lilinifedhehesha zaidi, maana lilikuwa kosa la ufundi. Picha yangu ilitoka ya kijivu, kama moshi wa kuni mbichi. Fundi mwashi ndiye aliyenieleza kwamba kamera ikielekezwa kwenye kitu cheupe hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na weupe ukawa majivu. Kwa hiyo mpigaji hana budi auongeze mwanga kwa makusudi kuliko kamera inavyotaka. Alinifunza pia kwamba ukiingia katika chumba chenye moto kutoka katika baridi ya nje, usiitoe kamera mfukoni papo hapo. Iache ipate joto polepole humo humo, la sivyo lenzi itatokwa na jasho. Sisi wa pwani adui yetu ni unyevu wa mwaka mzima unaootesha ukungu ndani ya lenzi. Hayo ya huku hatukuyazoea. Ningeweza kuyasoma kitabuni, hapana shaka. Lakini kitabu kisingeniambia kwamba picha yangu ni mbaya.

Hii ndiyo faida ya chama, na si ngeni katika Afrika Mashariki. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza kamera akiwa mtoto wa shule Dar es Salaam, na chama cha wapiga picha cha shuleni kwake ndicho kilichomfungulia mlango wa chumba cha giza ambacho mtoto wa hali yake asingeweza kukimiliki. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix katika mji huo huo. Alipofariki mwaka 1996, katika ndege iliyoanguka baharini karibu na Ngazija, alikuwa amekwisha kupoteza mkono mmoja kazini, naye alikuwa bado anapiga picha.

Hapa nataka niseme na wenzangu wa visiwani, maana sisi tumezaliwa katika utajiri ambao hatuuoni. Tangu karne ya 19 Unguja ilikuwa na vyumba vya picha. Majina ya Gomes na ya ndugu Coutinho yamo nyuma ya picha nyingi za kale za Mji Mkongwe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na kazi yake ikarithiwa na mwanawe. Masultani, maharusi, wachukuzi wa bandarini na majahazi, wote wamo. Ukitaka kujua barabara fulani ilivyokuwa kabla ya Mapinduzi ya 1964, iko njia ya kujua.

Njombe haikubahatika hivyo. Aghalabu picha za kale za nyanda hizi zilipigwa na wamisionari na maofisa wa Kijerumani, zikaenda na wenyewe. Mkoa wenyewe ni kijana, kwani ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Watu waliopanda miti hii, waliolima viazi na pareto, waliolaza mataruma ya reli, wengi wao wamezeeka bila ya kuwa na picha yao hata moja mbali na ile ya kitambulisho. Chama chetu kiliazimia kuwapiga, mmoja mmoja, mahali walipofanyia kazi.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Makambako, ambaye jina lake limeandikwa nyuma ya picha yake na halina haja ya kuandikwa gazetini. Alifanya kazi katika ujenzi wa reli kati ya Mlimba na Makambako mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanaoijua reli hiyo yenye kilomita 1,860 wanajua kwamba hapo ndipo palipowatoa jasho Wachina na Watanzania kuliko popote pengine, kwa milima, mahandaki na madaraja. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye kimo cha mita 50. Mzee alituambia kwamba Wachina walikuwa wakipiga picha sana, na kwamba yeye alipigwa mara nyingi, lakini hakuna hata moja aliyoiona. “Mimi niko China,” alisema, akacheka. Alichotaka ni kupigwa ameinama kando ya reli, mkono wake juu ya chuma.

Tulikwenda. Kabla kamera haijatoka mfukoni akaja mtu akatuuliza barua. Hatukuwa nayo. Alikuwa na adabu, nasi tukarudi bila ya kubishana. Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayozungumzia mahali panapolindwa, na mwananchi mwema hapigani na mlinzi anayetimiza wajibu wake. Tukaandika barua.

Barua ile ilipita katika ofisi nne, ambazo sitazitaja kwa kuwa lawama si ya ofisi moja. Ya kwanza ilisema jambo hili ni la usalama. Ya pili ilisema ni la utamaduni. Ya tatu ilitaka katiba ya chama, tukaipeleka, kurasa mbili. Ya nne ilituuliza kwa nini hatukuanzia ya kwanza. Kila mahali tulikaribishwa kiti na kuulizwa habari za nyumbani. Hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali. Zikapita wiki 11.

Waheshimiwa wanaoisoma safu hii maofisini nawaomba walitazame jambo hili kwa jicho la kazi. Mtu mwenye nia mbaya haandiki barua, wala hasimami na kamera ya shingoni mchana kweupe akiwa na mzee wa miaka sabini na kitu. Simu ya mfukoni inamtosha. Anayezuiwa na utaratibu usiojulikana ni yule tu aliyekuja kuuliza. Kama kuna mahali pasipopigwa picha, na pako, pabandikwe tangazo linalosomeka. Pengine pote, ofisi moja ya wilaya, ile ya utamaduni kwa mfano, ipewe mamlaka ya kutia sahihi, na ijibu ndani ya siku saba, hata kama jibu ni hapana. Chama kiko tayari kuorodhesha wanachama wake na kuweka nakala ya kila picha katika ofisi hiyo. Serikali ingepata kumbukumbu za mkoa bila ya kutumia senti. Na nyinyi wa Unguja na Pemba msicheke: masanduku yenu yamejaa picha zisizokuwa na neno nyuma, na wanaowajua waliomo wanapungua kila mwaka.

Barua ilijibiwa, na jibu lilikuwa ndiyo. Tulimpiga mzee asubuhi moja ya Jumamosi, jua likiwa chini bado na umande juu ya chuma. Fundi mwashi ndiye aliyepiga. Mimi nilishika koti la mzee. Tulipompelekea picha wiki mbili baadaye tulimkuta barazani kwake, akaitikia “Kamwene” yetu, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka karibu kabisa na uso, kisha akaiweka mbali. Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika macho yote mawili. Tulipoandika ile barua ya kwanza alikuwa bado anahesabu mabehewa kutoka barazani pale pale.

Alimpa mjukuu wake ile picha.

“Reli inaonekana?”

“Inaonekana, babu.”

“Na mkono wangu?”

“Uko juu ya reli. Na nyuma wameandika.”

“Soma.”

Mtoto akasoma jina, Makambako, na tarehe. Mzee akamwambia asome tena.