Likasi: Mashini ipi ya bei nafuu ya kung'arisha gari bila kuunguza rangi?

Katika mji wa Likasi, jimboni Haut-Katanga, gari halikawii kupoteza mng'ao. Malori yanayobeba shaba na koboti kati ya Kolwezi na Lubumbashi hupita yakitimua vumbi, na tangu mwezi wa tano hadi wa tisa karibu hakuna mvua ya kulituliza. Asubuhi, vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa kikavu, na chembe zake ngumu huchora rangi. Baada ya miezi michache, jua likipiga kwenye kapo, inaonekana mistari myembamba ya mviringo kama utando wa buibui.

Mistari hiyo inaweza kuondolewa nyumbani, kwa mashini ya kung'arisha. Lakini mashini iliyochaguliwa vibaya huharibu kwa dakika moja kile ambacho vumbi halikuharibu kwa miaka mitano. Kwa familia ambayo gari ni teksi yake, au ni akiba itakayouzwa siku ya shida, hasara hiyo si ndogo: mnunuzi hutazama rangi kabla ya kufungua mlango, na kupaka rangi upya kapo moja kunaweza kugharimu kuliko mashini yenyewe.

Verni ni nyembamba kuliko karatasi

Magari mengi yanayoingia Katanga kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa yana tabaka la verni juu ya rangi. Verni ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayozuia jua lisile rangi. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 30 na 50, yaani karibu nusu ya karatasi moja ya kawaida ya ofisini.

Kung'arisha si kuongeza kitu. Ni kupunguza verni kidogo sana mpaka mikwaruzo iishe. Ndiyo sababu swali la kwanza dukani lisiwe «ipi ina nguvu zaidi?» bali «ipi inasamehe mkono usiozoea?»

Aina tatu, na moja ya kuepuka

Ya kwanza ni ile ya mzunguko mmoja. Sahani yake huzunguka mahali pamoja kama gurudumu, mara nyingi kati ya mizunguko 600 na 3.000 kwa dakika. Ni rahisi kuipata, tena bei yake si kubwa, na chapa za Kichina kama INGCO zinaitengeneza. Inafanya kazi haraka, lakini joto lake hukusanyika sehemu moja. Mkono ukisimama kidogo kwenye ukingo wa mlango au kwenye parshoki ya plastiki, verni inaungua. Ni mashini ya fundi aliyezoea.

Ya pili ni ya mzunguko maradufu: sponji huzunguka, na wakati huohuo huyumba huku na huku. Joto husambaa. Ikikandamizwa mno, sponji huacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu, kwa hiyo si rahisi kuunguza. Kwa mtu anayeanza nyumbani, hii ndiyo ya kununua, hata kama inapita ile ya kwanza kwa bei. Inayotosha ni ya watti 700 hadi 900, yenye sahani ya milimita 125 na kitufe cha kubadili mwendo.

Ya tatu ni ile nyepesi na pana, ya watti 120 hivi. Bei yake huvutia, lakini inafaa kupakia nta tu. Mikwaruzo haitaisha.

Ya kuepuka ni mashini ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji. Ile ndogo huzunguka karibu mara 11.000 kwa dakika. Mwendo huo unapasua sponji na kuchoma rangi hadi kwenye chuma.

Umeme nao una neno

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha mashini. Umeme wa SNEL ni wa volti 220. Mashini iliyotumika Japani huwa ya volti 100, na ya Marekani ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua. Zinazotoka Zambia au Tanzania zinakubali umeme wetu, lakini nyingi zina plagi ya miguu mitatu ya mraba. Ni afadhali fundi wa umeme abadilishe plagi kuliko kutegemea adapta iliyolegea.

Wenye kutegemea jenereta wapige hesabu pia. Jenereta ndogo ya watti 650 haiwezi kuendesha mashini ya watti 800. Na umeme ukishuka nguvu saa za jioni, mashini hupoteza mwendo na kupata joto: heri kusubiri asubuhi.

Bajeti haiishii kwenye mashini

Wengi humaliza pesa kwenye mashini, kisha wanatumia sponji moja kwa gari zima. Sponji ikijaa dawa na vumbi la verni, inachora mikwaruzo mipya. Tenga pesa za sponji tatu au nne, dawa ya kusugulia isiyo kali, na vitambaa laini vya mikrofiba. Uliza pia kama duka lina sahani ya akiba na makaa ya mota, kwa sababu mashini isiyo na vipuri hugeuka chuma chakavu.

Kabla ya kuwasha

Osha gari kwa maji mengi na sabuni ya magari, likauke, kisha lipeleke kivulini mpaka bati lipoe. Chembe moja ya mchanga chini ya sponji inatosha kuharibu kapo. Funika kingo na plastiki kwa utepe wa karatasi. Jaribu kwanza sehemu ndogo, kama sentimita 40 kwa 40, kwa dawa isiyo kali. Chora alama ya kalamu ubavuni mwa sahani: alama ikiacha kuzunguka, unakandamiza mno.

Waya wa umeme usilale kwenye maji, watoto wakae mbali, na macho yalindwe kwa miwani.

Pia kuna yasiyotibika. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha ni mzito kuliko verni. Verni iliyoanza kubambuka, au kutu iliyotoka chini, inahitaji fundi wa rangi. Mashini itazidisha tu jeraha.

Kazi ikiisha, paka nta, kisha acha kabisa tabia ya kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Atakayeosha kwa maji kwanza hatahitaji kung'arisha tena kila kiangazi. Na hilo ni jema, maana verni iliyoondolewa hairudi.