Vinara wa Need for Speed, kwa Kipimo cha Vibanda vya Migori na Homa Bay

Kwenye vibanda vya gemu vya Migori na Homa Bay, FIFA ndiyo hutawala. Lakini mabao yakishachosha, mtu huomba awekewe magari, na mara nyingi magari hayo ni ya Need for Speed. Mfululizo huu wa kampuni ya Electronic Arts umeuza zaidi ya nakala milioni 150. Hawa hapa vinara wake.

Kongwe zaidi. The Need for Speed ilitoka mwaka 1994 kwenye mashine ya 3DO, ikiwa na magari 8 tu. Toyota Supra tayari ilikuwemo.

Iliyoleta mageuzi makubwa zaidi. Underground ya 2003. Ferrari na Lamborghini zikawekwa kando, mbio zikahamia mitaani usiku, na mchezaji akaanza kubadilisha bampa, rimu na rangi ya gari lake. Honda Civic, Subaru Impreza na Nissan Skyline zikapewa heshima. Kwetu, ambako barabara zimejaa magari yaliyotumika Japani, hapo ndipo mchezo ulipotukaribia. Mwaka uliofuata, Underground 2 ikafungua mji mzima wa Bayview uendeshe utakako.

Inayopendwa zaidi. Most Wanted ya 2005, na sioni ya kuishinda. Mwanzoni tu mpinzani wako, Razor, anakunyang'anya BMW M3 GTR kwa hila, kisha inakubidi uwashinde madereva 14 mmoja baada ya mwingine ndipo umfikie. Polisi ndio roho ya mchezo huu. Unasikia redio yao ikitaja gari lako, wanaziba barabara, wanatandaza misumari, helikopta inashuka. Anayecheza hukaa mbele kabisa ya benchi, na walio nyuma humpigia kelele akate kushoto, aangushe paa la kituo cha mafuta liwaponde wanaomfukuza. Na inakubali PlayStation 2, mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 150.

Yenye safari ndefu zaidi. The Run ya 2011, kutoka San Francisco hadi New York.

Iliyozimwa kabisa. World, ya kuchezwa mtandaoni tu, ilianza 2010. Seva zikafungwa Julai 2015, na magari ambayo watu walikuwa wameyalipia yakapotea.

Iliyo mbali zaidi na mfuko wa kibanda. Unbound ya Desemba 2022. Iliiacha hata PlayStation 4, ikadai mashine mpya zaidi. Mji wake, Lakeshore, umeigwa kutoka Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Watu wa Homa Bay wana ziwa kubwa kuliko hilo.

Hasara kubwa zaidi. Zamani TV moja iligawanywa, wawili wakashindana bega kwa bega, na aliyeshindwa akalipia mchezo unaofuata. Kisha Hot Pursuit ya 2010 ikaleta Autolog, ya kulinganisha muda wako na wa rafiki kupitia intaneti. Heat ya 2019 na Unbound hazina kabisa skrini ya kugawanywa. Kwa mwenye kibanda, gemu ya mtu mmoja kwa TV moja ni nusu ya mapato. Ndiyo maana Most Wanted ya 2005 bado ina kazi Migori, na Electronic Arts wakitaka kuturudisha, waanze kwa kuigawa skrini tena.